Uzio Ulioupanda Kando ya Kijito

Gatete, Rumonge
Tarehe 10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Djibril,

Asalaam aleikum, na amahoro kutoka nyumbani. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na wifi Raisa, na kwamba joto la kambini Kakuma limewapunguzia kidogo. Kifua chako kinaendeleaje? Ulisema vumbi linakukohoza tangu mwezi wa tano. Chemsha tangawizi unywe asubuhi kabla hujala kitu, na mwambie Raisa nimesema mimi, kwa maana najua wewe peke yako hutachemsha.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama ana magoti yake yale yale, yanamuuma mvua ikikaribia na kumwacha mvua ikishanyesha, basi siku hizi hatusikilizi tena redio, tunamwuliza yeye. Shemeji yako Rachid bado yuko na cherehani yake pale sokoni. Mimi napika mawese kama unavyonijua, nanuka moshi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Ngazi za chikichi, yale matunda ya mawese, zimetoka nyingi mwaka huu, na zilizo nzuri kuliko zote ni za michikichi yako.

Barua naipa Lukeba, yule mfanyabiashara wa vitenge, ambaye anakwenda Nairobi wiki hii. Amesema huko anamfahamu mtu anayepanda hadi Kakuma kila mwezi. Pamoja na barua kuna chupa ya mawese na kifurushi cha ndagala, dagaa kavu wa ziwa letu. Ukikuta kifurushi kimefunguliwa usimlaumu Lukeba, mpakani wanafungua kila kitu.

Simu yako haipatikani tangu mwezi wa nane. Lakini hata ingepatikana ningeandika, kwa sababu nina jambo ambalo kwa simu lingekatika katikati, na katikati yake ndipo pabaya. Nakuomba ulisome lote, polepole, na usiishie njiani.

Ni habari ya uzio wako.

Unakumbuka ulivyouanza. Mwaka ule wa 2012 ulirudi kutoka Gatumba, ulikokuwa ukibeba matofali, na mbegu umezifunga kwenye kona ya leso. Ng'ombe na mbuzi za watu zilikuwa zinaingia kwenye pepinyeri, kitalu chako cha michikichi, na kumaliza miche, nawe ulikuwa umechoka kugombana na wenye mifugo. Ukatuambia huko kwenye midomo ya Rusizi umeona kichaka ambacho hata kiboko anakizunguka. Ni kifauongo, ulisema, ila si kile kidogo cha njiani ambacho watoto wanakigusa kinajikunja. Hiki ni kifauongo kikubwa, kinampita mtu kimo, na miiba yake imepinda kama kucha za paka. Ukakipanda mstari mzima kando ya kijito. Mwaka uliofuata hakuna mbuzi aliyepita. Sote tulikusifu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Ulipokimbia vurugu za mwaka 2015 kilikuwa kinafika kifuani. Kuna kitu kuhusu Mama sijawahi kukuambia. Tangu wiki ile uliyoondoka, kila asubuhi akishamaliza kuswali alikuwa anateremka kijitoni, ananyoosha kidole na kugusa jani moja la kifauongo. Jani linajikunja, jozi baada ya jozi, mpaka mwisho. Kisha anapanda kurudi nyumbani na kusema, "Djibril ameitikia." Halafu ndiyo anakunywa chai. Mwanzoni mimi na Rachid tulikuwa tunatazamana tu. Baadaye nikazoea, nikawa siteleki chai mpaka nimemwona anarudi. Siku aliyozuiwa na malaria tulimjua kwa ukali wake.

Ndivyo alivyokaa miaka tisa.

Lakini kile kichaka, mdogo wangu, hakikukaa pale ulipokiweka. Kinatoa maganda yenye vinyweleo, yanakatika vipande vipande, na kila kipande kina mbegu yake na kinaelea kama mtumbwi. Mvua ikinyesha vinateremka na maji. Vilipofika kwenye matope pale kijito kinapoingia ziwani, vikaota. Vingine vilipanda juu vimeshika manyoya ya ng'ombe. Miaka mitatu iliyopita, kuanzia daraja la barabarani hadi ziwani, ungesikia maji tu usiyaone. Wanawake waliokuwa wanachota pale wakahamia kwenye bomba la mbali, mwendo wa nusu saa na ndoo kichwani. Matope yakawa yananaswa na mashina, takataka juu ya matope, na kijito kikabaki na njia nyembamba kama ya panya.

Sasa ndiyo nafika mwezi wa nne wa mwaka huu. Ulisikia jinsi ziwa lilivyopanda, habari hiyo ilifika kila mahali. Ziwa likapanda mbele yetu na mvua ikateremka nyuma yetu kutoka milimani, na katikati kukawa na miiba. Maji ya kijito yalipokosa pa kutokea yakageuka. Yaliingia kwanza kwenye maharage ya Pontiani, kisha nyumbani mwake.

Pontiani ni yule yule, jirani yetu wa upande wa chini, aliyekubebea sanduku hadi kwenye boti siku uliyoondoka. Asubuhi hiyo aliamka akakuta maji yamefika magotini chumbani. Akamtoa mkewe na wajukuu, akawaleta kwetu, kisha akachukua panga na kuingia mwenyewe kwenye kichaka ili ayafungulie maji njia. Rachid alimwambia angoje watu wakusanyike. Akasema nyumba ya udongo haingoji.

Alikata tawi moja lililokuwa limepindwa na nguvu ya maji. Lilipokatika likafyatuka likampiga usoni. Tulisikia sauti yake tukakimbia. Tulimkuta ameshikwa na miiba mikono na mgongo, maji yamemfika kifuani, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Rachid alijifunga kamba, tukakata tawi baada ya tawi, na kila tulilokata lilimvuta kidogo kabla ya kumwachia. Hakulia. Alikuwa anasema tu kwa Kirundi, "Buhoro, buhoro," polepole, polepole, kana kwamba sisi ndio tulioumia.

Tulimpeleka lopitali ya Rumonge kwa baiskeli, na kutoka pale akapelekwa Bujumbura. Alikaa huko wiki tatu. Jicho la kushoto halikupona, Djibril. Halioni.

Najua sasa umeiweka barua chini. Ichukue tena, tafadhali. Hatujafika mwisho.

Maji yalipopungua, shefu wa kolini, mkuu wa kilima chetu, alituita sote, akaja pamoja na agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo wa komini. Ni binti anayeitwa Schékinah, mwembamba, ana mabuti makubwa kuliko miguu yake, na anajua anachosema. Alituambia kukata peke yake ni mchezo, maana kishina kimoja kikikatwa kinachipua vitano. Kinachotakiwa ni kuchimba mizizi, tena wakati wa kiangazi, kabla maganda hayajakauka na kumwagika. Na kilichokatwa kisitupwe majini hata kijiti. Akasema pia kwamba hakuna faida ya kusafisha chini ikiwa juu bado kuna mama wa mbegu. Akanyoosha mkono. Watu wote wakageuka kutazama uzio wetu.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, akasimama.

"Huko chini muchimbe munavyotaka," alisema. "Hapa kwangu hapana. Hii iko kazi ya mikono ya mutoto wangu. Sina kitu chake kingine ambacho kinaishi."

Watu walikasirika, na siwezi kuwalaumu. Mmoja alisema waje asubuhi waukate, atake asitake. Hapo Pontiani, aliyekuwa amerudi kutoka Bujumbura juzi yake tu, akainuka na bendeji yake usoni.

"Mumuache mama Chausiku," alisema. "Mutoto wake yuko mbali. Tukikata kwa nguvu, ni kama tumemuondoa mara ya pili. Tutangoja."

Aliyeumia akisema tutangoja, mwingine atasema nini? Wakatawanyika.

Mimi lakini sikuwa na subira ya Pontiani, na nitakuambia kosa langu ili usidhani wewe peke yako ndiye mwenye kosa katika jambo hili. Jioni ile nilimwambia Mama, "Wewe unapenda kichaka kuliko jicho la mutu." Hakunisemesha siku nne. Alikuwa anakula nilichopika na kurudisha sahani bila neno, na asubuhi bado anateremka kijitoni. Nilijaribu kumwomba msamaha mara mbili, nikaishia kumwuliza kama chai ina sukari. Siku ya tano aliniita nimsukie nywele, nikajua imekwisha, lakini habari ya uzio hakuna aliyeigusa tena.

Ndipo ikaja barua yako, mwezi wa saba.

Nilimsomea Mama alasiri, uani. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alicheka pale ulipoeleza Raisa alivyomfukuza mbuzi wa jirani kwa sufuria. Kisha nikafika kwenye ile sehemu ya mti wa huko. Nayanakili maneno yako mwenyewe, maana pengine umeyasahau:

"Dada, huku kuna mti wanauita mathenge. Uliletwa zamani ili uzuie jangwa na kuwapa watu kuni, lakini sasa umejaa kwenye mto mkavu mzima. Mvua ikija maji hayana njia, yanaingia kwenye nyumba za watu. Miiba yake inatoboa hata kiatu. Mbuzi wakila maganda yake sana meno yanaoza, wanakufa njaa malisho yakiwa mbele yao. Sijui aliyeuleta alikuwa anafikiri nini. Nadhani alitaka mema, akaenda zake, na waliobaki ndio wanaochomwa."

Mama akaacha kuchambua. "Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Akaniuliza, "Huyo aliyeuleta, watu wa kule wanamulaani?"

Nikamwambia hukuandika kama wanamlaani, umeandika tu kwamba alitaka mema.

Alirudi kwenye maharage, akachagua mawe mawili matatu. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kama mama yake iko muzima, afazali yeye amuambie mutoto wake, kuliko asikie kwa watu." Akaweka ungo chini, akachukua mtandio wake na kuelekea kwa Pontiani. Mimi nikamfuata nyuma kwa mbali, maana sikujua kama nimeitwa.

Pontiani alikuwa mlangoni kwake anapukuchua mahindi. Alimsogezea Mama kiti. Mama hakukikalia. Alikaa chini, kwenye udongo, na wewe unamjua mama yetu, hajawahi kukaa chini mbele ya mtu ambaye si ndugu yake.

"Pontiani," alisema, "mutoto wangu alipanda, na mimi nikalinda. Wewe ndiye umelipa. Nimekuja kukuomba musamaha wetu wawili."

Pontiani aliyaacha mahindi.

"Inuka, mama Chausiku," alisema. "Huu upande wa chini sio mutoto wako aliyepanda. Nilipanda mimi. Djibril alipoleta zile mbegu nilikuja kumuomba, kwa sababu mbuzi zilikuwa zinanimaliza na mimi. Alinipa nusu ya leso. Kichaka kilichonitoboa jicho ni changu."

Mama alimtazama. "Miaka hii yote hukusema."

"Hakuna aliyeniuliza. Na wakati wote wanasema ni cha Djibril, mimi niliona haya, nikanyamaza. Ndiyo sababu siku ile nilisema tungoje. Ningesema nini kingine?"

Basi wakakaa pale wote wawili. Mkewe akaleta ndizi za kuchemsha, wakala. Sikusikia tena neno msamaha likitajwa, na sidhani kama lilihitajika. Jua lilipokaribia kuzama Mama akasema, "Mwite yule binti wa mabuti. Tunaanza Jumatatu."

Djibril, hapo ndipo nilipotaka ufike kabla hujaanza kujichapa moyoni. Ulileta mbegu, ni kweli. Ila ulimgawia jirani aliyekuomba, na mimi dada yako nilikusifu, na ng'ombe wakazibeba, na maji yakazieneza, na Mama akazilinda kwa sababu alikukosa. Ukihesabu mikono iliyouotesha ule uzio utachoka kabla hujafika mwisho.

Jumatatu hiyo tulikuwa watu kama ishirini. Rachid alikuwa ameshona glavu usiku na mchana kwa gunia na mipira ya ndani ya baiskeli, mbaya kutazama lakini mwiba haupiti. Schékinah alitupanga tuanzie juu, kwenye uzio wetu, tuteremke. Watu wakasimama wakimngoja Mama. Alifika mbele ya kichaka, akanyoosha kidole kama kawaida yake. Kikaishia hewani. Hakuligusa jani. Akamgeukia Pontiani akamwomba panga, akakata shina la kwanza kwa mapigo manne, akamrudishia panga lake na kwenda kupika.

Kazi ilituchukua wiki tatu na siku moja. Tulikata, tukakokota, tukakausha mbali na maji. Maganda yote tuliyakusanya kwenye pipa na kuyachoma, Schékinah akisimamia kama mtu anayelinda benki. Siku ya pili buti lake moja lilimezwa na matope, likapatikana siku ya tano na chura ndani. Mimi nilipoteza vitenge viwili, kimoja kilibaki kwenye miiba kama bendera nami nikakimbilia ndani. Mama alipikia watu wote kwenye masufuria yangu ya mawese, bugali na sombe ya majani ya muhogo, na siku mbili tulipata samaki wa mukeke. Watu ambao walikuwa hawasalimiani tangu mafuriko walikuwa wanapokezana sahani.

Kisiki kimoja Mama alisema asikiguse mtu. Ni kile cha kwanza kabisa, kwenye pembe ya pepinyeri, kinene kama paja. Alikichimba mwenyewe kwa siku mbili, anachimba kidogo, anapumzika, anachimba. Pontiani alikuja akakaa karibu naye, hakumsaidia kuchimba, alikuwa anamnolea jembe tu. Bado hajazoea jicho moja. Alipojimiminia chai ilimwagika nje ya kikombe, na yeye ndiye aliyecheka kwanza, kisha Mama, na mimi nikaona naweza kucheka pia. Kisiki kilipong'oka Mama alikiburuta hadi kwenye jiko langu. Nilikipikia mawese. Yale yaliyo kwenye chupa uliyoletewa yalichemkia juu ya moto huo.

Usidhani kifauongo kimekwisha. Schékinah ametuonya kwamba mbegu zinaweza kulala ardhini miaka mingi. Na kweli, mvua za kwanza zilipogusa udongo, miche ilitokea kwa wingi kama ulezi. Kila kaya imepewa kipande chake cha kuangalia. Kipande chetu ni cha Mama. Anateremka saa ile ile aliyokuwa anateremka zamani, sasa na kikapu, anang'oa miche ikiwa bado laini na kuwapa mbuzi. Chai anakunywa baadaye, kama zamani. Mtu akimsalimu njiani anasema anakwenda kazini.

Na wewe huko, ukiweza, waeleze wenzako habari ya glavu za mipira, na ya kuchimba mizizi kabla maganda hayajaanguka. Sijui kama mathenge unasikia dawa hiyo hiyo. Lakini Raisa aliandika kwamba anaukata kwa ajili ya makaa, basi angalau aanze na ile iliyo katikati ya njia ya maji.

Sasa nikueleze siku ya tarehe 27 mwezi uliopita. Magoti ya Mama yalianza kuuma tangu Ijumaa. Jumapili saa nane mchana mlima ukawa mweusi na mvua ikateremka, ile mvua ambayo huwezi kumsikia mtu aliye pembeni yako. Hakuna aliyebaki ndani. Watu walisimama kwenye kingo zote mbili, wamejifunika magunia na maplastiki, wakitazama juu. Pontiani alisimama mbele ya nyumba yake na mkewe, wamekwisha kutoa godoro na nguo, kwa sababu mtu aliyeingiliwa na maji mara moja hasubiri mara ya pili.

Maji yakaja. Yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na migomba na kiatu cha mtu. Yakajaa hadi ukingoni. Mama na mimi tulikuwa tumemfuata Pontiani pale mlangoni. Mvua ilikuwa inampiga kwenye jicho lake zima na alikuwa haoni mbali. Akaniuliza, "Inapita?"

Nikamwambia, "Inapita."

Hakuniamini, nadhani. Akauliza tena, sauti yake ndogo kama ya mtoto, "Chausiku, maji inapita?"

Mama akamshika mkono. "Inapita, mwanangu," alimwambia. "Inaenda ziwani. Simama hapa, mimi naiona."

Wakasimama hivyo mpaka mvua ikakatika. Maji hayakuvuka kizingiti. Yaliingia ziwani yote, na pale yalipoingia ziwa likabadilika rangi mpaka mbali sana. Pontiani alirudisha godoro ndani mwenyewe. Siku iliyofuata wanawake walikuja na ndoo zao, na yule aliyekuwa anataka kukata uzio kwa nguvu alileta mkungu wa ndizi kwa Mama.

Kwenye kingo tumepanda matete, na Schékinah ameahidi mianzi. Lakini pembeni ya pepinyeri, pale kilipotoka kisiki cha kwanza, Mama amekataza mtu asipande kitu. Ni kama hatua kumi. Nilidhani ni kwa huzuni. Nilipomwuliza akanishangaa. "Ile iko nafasi ya Djibril," alisema. "Andika umuulize tupande nini. Yeye ndiye anajua kupanda, hii michikichi yote nani aliipanda?" Pontiani alikuwepo. Akasema nikuandikie kwamba yeye anakubali chochote utakachochagua, ila safari hii kisiwe na miiba.

Basi fikiri vizuri, mdogo wangu, utujibu. Udongo uko tayari na mvua zimeanza.

Shemeji yako Rachid anakusalimu na anauliza kiuno cha Raisa ni inchi ngapi, ana kitambaa. Pontiani na mkewe wanakusalimu sana. Mzee Mulamba wa karibu na msikiti anasema bado ana redio yako, inasema stesheni moja tu. Nafisa, binti wa mama mdogo wa Minago, amejifungua msichana, wamempa jina la Mama, Hadjara. Msalimie Raisa kwa mikono miwili.

Mama hataki niandike dua kwa maneno yangu, ameisema nami naiandika kama ilivyo: Mungu akupe mvua isiyokufukuza nyumbani na jua lisilokukausha, akulinde kifua, na njia ya kurudi aiweke wazi kama alivyokiweka wazi kijito chetu.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni na ninayekupenda hadi leo,

Dada yako
Chausiku